Mvua ya Dobi

Watu husema chuki hubomoa. Hao hawajawahi kuchukia kwa utulivu. Chuki ya papara ndiyo inayobomoa. Chuki yenye subira hujenga, hupaka chokaa, hupanda na mipapai. Asiyeamini aende akaitazame nyumba ya Mshonaji.

Nyumba yenyewe ni nusu. Nusu ya mbele, inayotazama barabara, ni ya kaka yake, ambaye mtaa mzima unamwita Dobi kwa sababu ya kazi yake ya kufulia nguo. Nusu ya nyuma ni ya Mshonaji na cherehani yake. Katikati kuna ukuta. Paa ni moja, na baba yao aliliezeka kwa mteremko mmoja tu: limeinuka mbele, likashuka moja kwa moja hadi nyuma, kwani mzee hakutaka wageni wake wadondokewe na matone mlangoni. Kwa hiyo mvua yote, iliyopiga mbele na iliyopiga nyuma, ilimwagikia uani, na ua ulikuwa tope msimu hadi msimu.

Mzee alipofariki, ndugu walikaa kugawana. Baba mdogo ndiye aliyesimamia. Lakini Dobi, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwenye mdomo, hakusubiri kuulizwa.

"Mimi nachukua mbele," alisema. "Nina biashara. Mama na dada watakaa nyuma, kuna utulivu."

"Na bomba?" Mshonaji aliuliza, maana bomba la maji lilikuwa mbele.

"Mtachota. Kwani mimi ni mgeni kwenu?"

"Na yale matope?"

Dobi alicheka mpaka akajishika tumbo. "Matope ni yako, mdogo wangu. Kila kinachoanguka nyuma ni chako, upende usipende. Baba mdogo, umesikia? Nisije nikasumbuliwa kesho na keshokutwa."

"Nimesikia," alisema baba mdogo, na wote waliokuwepo wakacheka. Mshonaji naye alicheka kidogo ili asionekane ana kinyongo. Wakati huo kweli hakuwa nacho.

Kinyongo kilikuja na mashuka.

Mama yao alipooza upande mmoja, akawa mtu wa kulala. Mgonjwa wa kulala ni mgonjwa wa kufuliwa: kuna shuka la asubuhi, la mchana na la jioni, na usiku una la kwake. Siku hizo hizo Dobi alikuwa ameingiza mashine mpya za kufulia, kubwa, zenye kunywa maji kama ng'ombe waliotoka safari. Akaanza kulalamika kwamba dada yake akichota, mashine zinakosa nguvu ya maji. Mara alilalamika kwa utani, mara kwa hasira. Kisha asubuhi moja Mshonaji alifika na ndoo zake akakuta kufuli kwenye bomba.

"Kaka, kuna kufuli hapa."

"Nimelifunga mimi."

"Na mashuka ya mama?"

"Maji yakikatika katikati, mashine zinaungua. Nina nguo za watu humu. Biashara ni biashara, dada. Jioni nikimaliza kazi nitakuchotea."

Jioni ilipofika alikuwa na kazi za kesho. Mshonaji alimwomba tena, safari hii kwa mikono miwili, palepale mbele ya kaunta. Dobi alitazama huku na huku.

"Usinililie hapa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wateja wanaona."

Basi ikawa hivyo. Upande mmoja wa ukuta mashine zilizunguka na mashuka ya watu baki, na upande wa pili mama mzazi wa mwenye mashine alilala kwenye unyevu akisubiri binti yake arudi. Fedha za kununulia madumu zilikwisha kwenye dawa, basi Mshonaji aliomba maji kwa majirani mpaka akaona wanamfungia mlango wakimwona na beseni. Baada ya hapo alikwenda kufulia kwenye mtaro wa kando ya gereji, akirudi na mashuka yanayonuka oili. Mama akatoka vidonda mgongoni. Vidonda vikaingia ndani, na haikuchukua muda mrefu akafariki.

Siku ya msiba Dobi alilia kuliko wote. Alilia mpaka watu wakamshika. Kisha akaleta mashuka meupe, yaliyopigwa pasi, yanayonukia, ya kutandika kitanda alicholazwa mama. Mshonaji aliyatazama yale mashuka, akayatandika kwa mikono yake mwenyewe, akayanyoosha kila pembe. Ila moyoni alisema: utakuja mlangoni kwangu na ndoo. Utasema neno maji kwa mdomo wako, na mimi nitafunga mbele ya macho yako.

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Baada ya msiba Dobi alifungua kufuli, akapitisha taarifa kwamba sasa dada achote anavyotaka. Mshonaji hakuchota hata tone.

Tatizo ni kwamba bomba lingine lisingewezekana. Njia pekee ya kupitisha mpira wa maji hadi nyuma ilipita chini ya sakafu ya Dobi, na pande nyingine zote zilikuwa kuta za nyumba za watu, na kichochoro chembamba ambacho mtaa haukuruhusu kichimbwe. Mshonaji alinunua maji ya madumu, akayatumia kwa kijiko, na kuta zake zikaendelea kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Ndipo alipomwita Fundi Taratibu.

Huyu alikuwa mwashi ambaye wateja walimkimbia. Si kwamba hakujua kazi. Alijua, ila hakuna siku aliyoifanya haraka. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, akitega sikio.

"Nyumba yako inatoka jasho, fundi mwenzangu," alisema hatimaye. Alimwita hivyo kwa sababu ya cherehani. "Mzee alijenga kwa tofali za udongo, halafu mtu akaja akazipaka saruji. Ni kumvalisha mtu koti la mvua ukamwambia akimbie. Unyevu hauna pa kutokea."

"Kuta baadaye," Mshonaji alisema. "Mimi nataka maji."

Fundi Taratibu alimshangaa. "Maji si hayo juu ya kichwa chako? Unayaacha yaanguke, yanageuka tope, halafu unakwenda kununua madumu."

Mshonaji aliinua macho akalitazama paa. Alilitazama lote, kutoka kwenye ukingo wake hadi kule mbele lilikoinukia, juu ya mashine za kaka yake.

"Hata mvua ya upande wake itakuja kwangu?"

"Mvua haijui mirathi," alisema Fundi Taratibu.

Mshonaji alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe, na hakikuwa kicheko cha kusikiliza ukiwa peke yako.

Yakaja kwanza magata ya kukingia maji kwenye ukingo wa paa. Hayakununuliwa, Fundi Taratibu aliyakata kutoka kwenye mabati ya ghala lililobomolewa, akayakunja kwa nyundo ya mti. Kisha likachimbwa tangi chini ya ua, palepale penye tope. Walilijenga kwa tofali za kuchoma zilizokuwa zimetupwa, wakalipiga plasta ya chokaa iliyochanganywa na unga wa tofali hizo hizo, isipitishe maji. Juu yake likakaa pipa la kuchujia: kokoto, mchanga, mkaa, na kokoto tena. Mvua ya kwanza ya msimu, ile inayoosha vumbi na mavi ya kunguru, iliwekewa njia yake ya kutokea pembeni. Maji yakapandishwa kwa pampu ya mkono hadi pipa dogo la juu, na mwishoni kukawa na koki moja, ya shaba, kwenye ukuta wa uani unaoonekana ukifungua tu mlango wa kichochoro. Fundi alitaka kuiweka jikoni, karibu na vyombo.

"Hapana," Mshonaji alisema. "Iwe hapo. Mtu akisimama mlangoni aione."

"Nani atasimama mlangoni?"

"Wewe weka tu."

Walipomaliza maji wakarudi kwenye kuta. Saruji yote ikabanduliwa, kuta zikaachwa zipumue, kisha zikapakwa chokaa. Na chokaa haina mchezo: ukiipaka leo lazima kesho uinyunyizie maji, na keshokutwa tena, ikauke kwa kubembelezwa, la sivyo itapasuka. Fundi Taratibu alizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mshonaji naye alinyunyizia kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani, na kila alipotia mkono ndooni alimtaja kaka yake kimoyomoyo, kama mtu anayesali. Madirisha mapana yalitoka kwenye shule iliyovunjwa. Matundu ya hewa yakatobolewa juu, karibu na dari, joto lipate pa kutorokea. Maji ya kuogea na ya vyombo yakaelekezwa kwenye mipapai. Katika nyumba nzima hakikuwekwa kitu cha kupendeza tu. Kila kitu kilikuwa na kazi, na kazi kubwa ya vyote ilikuwa moja.

Dobi na mkewe walicheka weee. Mke wa Dobi alikuwa mwanamke wa sauti, na ukuta haukumzuia. "Wifi yangu anajenga kwa takataka!" aliwaambia wateja. "Bati la takataka, tofali la takataka. Karibu atatushonea na nguo za majani." Wao nao walikarabati upande wao wakati huo huo, kwa vigae vinavyoteleza na vioo kuanzia juu hadi chini. Jua la mchana likiingia kwenye vile vioo, mle ndani palikuwa pa kuokea mikate, na feni zikazunguka mchana kutwa zikihamisha joto kutoka kona moja kwenda nyingine.

Kisha wakaja watu wa mazingira na kamera zao. Walikuwa wamesikia kuna mama aliyekarabati nyumba bila kuiumiza dunia. Waligusa kuta, wakasema kuna ubaridi mzuri. Walionja maji, wakatikisa vichwa kwa furaha. Wakamwuliza ni nini kilichompa moyo wa kufanya haya.

"Dunia ni yetu sote," Mshonaji aliwajibu kwa upole. "Tuitunze, watoto wetu nao waje waikute."

Mwongo mkubwa! Dunia ingejijua yenyewe. Kilichompa moyo ni kufuli. Lakini wageni wake waliandika kila neno, na kabla ya kuondoka wakampa cheti chenye picha ya mti. Alikitundika kwenye ukuta unaopakana na Dobi, akaupigilia msumari taratibu, pigo moja baada ya jingine, ili mwenye masikio asikie. Tangu siku hiyo mtaa ukamwita Bibi Mazingira, na yeye akaitika.

Cheti ndicho kilichomuuma Dobi. Alitoka nje, akalitazama paa kwa mara ya kwanza kama mtu anayehesabu, na hesabu ikamtoa jasho. Akamwita baba mdogo.

"Zaidi ya nusu ya lile paa ni yangu," alisema, wakiwa wamesimama uani wote watatu. "Kwa hiyo mvua yake ni yangu. Dada ananikingia maji yangu bila ruhusa."

Baba mdogo alikuwa mzee wa maneno machache na kumbukumbu nyingi. Alitazama magata, akaitazama koki ya shaba, akamtazama Dobi.

"Wewe si ndiye ulisema kila kinachoanguka nyuma ni chake, apende asipende?"

"Nilisema matope, baba mdogo."

"Ulisema kila kinachoanguka. Ukaniambia nisikie. Mimi nikasikia." Akaomba kikombe, akakinga maji, akanywa polepole hadi mwisho. "Matamu," alisema, akaenda zake.

Mshonaji alifurahi siku nzima, lakini haikumtosha. Kushinda kesi si kulipiza. Alitaka ndoo.

Aliye juu mngoje chini, na Mshonaji alikuwa hodari wa kungoja. Ulipofika msimu wa kiangazi, wajenzi walikuja kupanua barabara. Mashine yao ya kuchimba ikavunja bomba kuu la mtaa, maji yakaruka juu kama sherehe, kisha yakakatika. Watu waliambiwa wavumilie. Dobi hakutishika, aliagiza gari la maji, likamjazia matangi yake, akaendelea na kazi huku akiwacheka wenye madumu. Gari lilikuja mara kadhaa. Halafu wajenzi wakachimba handaki refu kukatisha barabara mbele ya duka lake, na gari likashindwa kupita. Hata punda wa kubeba maji walikataa kuvuka.

Mshonaji alikuwa akishona sketi alipokisikia kile alichokingoja. Upande wa pili wa ukuta mashine zilinguruma, zikakohoa, zikanyamaza. Kisha sauti ya wifi yake: "Yamekwisha? Yamekwisha vipi, na mashuka yako ndani ya dawa?"

Mguu wa Mshonaji ulisimama kwenye cherehani. Akaingia chumbani, akafungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa kufuli. Lilikuwa jipya, alilinunua mwenyewe, nene kuliko lile. Akaenda akalining'iniza kwenye koki, likiwa wazi, ufunguo ndani yake. Akarudi kwenye sketi yake.

Aliyekuja kwanza ni wifi yake. Hakupiga hodi kwa madaha kama alivyozoea.

"Wifi, samahani. Tunaomba utusaidie maji kidogo. Kuna mashuka yamelowekwa kwenye dawa ya madoa, yasiposuuzwa sasa hivi yataliwa yote."

"Mashuka ni ya nani?"

"Ya kazini."

"Kazi ya nani?"

"Wifi, jamani, unajua kazi ni ya kaka yako."

"Basi aje mwenyewe," Mshonaji alisema bila kuinua macho. "Na ndoo."

Wifi aliliona kufuli kwenye koki, akarudi alikotoka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo; huyu alikuwa amewatukana kwa sauti, mbele ya wateja.

Dobi alichelewa. Mshonaji alimsikia akibishana na mkewe, akipiga simu, akimfokea mtu wa gari la maji, akinyamaza. Halafu kichochoroni zikasikika ndala zake, na mlango ukajaa mtu. Alikuwa na ndoo ya plastiki mkononi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, kwenye koki ya shaba, kwenye kufuli.

"Dada," alisema. "Naomba maji."

Ndiyo hayo. Mshonaji alikuwa ameyasikia maneno hayo usingizini na akiwa macho, kwa kila sauti ambayo kaka yake angeweza kuyasemea. Alisimama. Akavuka ua, akaushika ufunguo kwa raha. Alichobakiza ni kubana kufuli tu, mlio wake usikike.

"Ni mashuka ya nani?" aliuliza, ili aongeze utamu.

"Ya zahanati. Wodi ya wazazi. Ndiyo yote waliyo nayo, dada. Kuna wanawake kule wamelala kwenye magodoro ya plastiki, wananingoja mimi."

Mkono wa Mshonaji ulibaki pale pale. Alimtukana Mungu kidogo, akamwomba msamaha, akamtukana tena Dobi. Haya ndiyo mambo ya ndugu yake: hata kwenye kuadhibiwa kwake lazima amtangulize mtu mwingine mbele, mgonjwa, asiye na kosa. Angebana kufuli, na kesho kuna binti wa mtu angebeba mashuka kichwani akitafuta mtaro. Angekuwa Dobi. Alikuwa radhi kuwa mambo mengi, lakini si hilo.

Akalitoa kufuli kwenye koki, akalitia mfukoni mwa gauni.

"Yalete hapa," alisema.

"Nitachota tu, nikayasuuze kule..."

"Maji yangu hayavuki ukuta. Leta mashuka hapa uani. Yote. Na utafua wewe, kwa mikono. Mkeo akitia hata kidole, nafunga."

Dobi alitaka kucheka, kisha akaona si mzaha. Aliyaleta, beseni kwa beseni, dawa ikimchuruzika hadi kwenye viwiko. Mshonaji alimwonyesha pa kumwaga povu la kwanza, kwenye shimo la kokoto la pembeni, lisiiguse mipapai. Akampa kigoda kifupi. Akarudi barazani kwenye cherehani yake, akageuza kiti ili amtazame vizuri.

Miaka mingi Dobi alikuwa amefua kwa kubonyeza vitufe. Mikono yake ilikuwa laini ya kupokelea wateja. Shuka la kwanza lilimshinda kulikamua, lilimponyoka likaanguka chini, na Mshonaji akasema, "Rudia." La pili lilikuwa na doa kubwa katikati, na dawa ilikuwa haijalimaliza. Alilisugua akigeuza uso pembeni.

"Usigeuze uso," dada yake alisema. "Ukigeuza uso huoni kama limetoka."

Majirani walianza kupita kichochoroni bila safari yoyote, ilimradi wapite. Mmoja alisalimia, mwingine alisimama kabisa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: Dobi aliinamisha kichwa akamwomba dada yake afunge mlango.

"Kwa nini?" Mshonaji aliuliza. "Wateja wanaona?"

Dobi aliinua macho. Alilikumbuka neno lake, ilionekana wazi usoni. Alifua, akasuuza, akakamua, akaanika kwenye kamba, mgongo ukimuuma mpaka akawa anainuka kwa kushika ukuta. Ngozi ya vidole ikaanza kuchubuka. Mshonaji alimaliza sketi, akaanza nyingine. Hakukumbuka siku aliyoshona vizuri namna ile.

Mashuka yalipobaki machache, Dobi aliacha kufua. Alikaa kwenye kigoda, mikono ikiwa ndani ya beseni, akilitazama povu.

"Nilikosa, dada," alisema. "Kwa mama. Nilikosa sana."

Mshonaji alisimamisha cherehani. Alikuwa ameyangoja hata hayo, na sasa yalipofika aliyaona mepesi. Maneno hayakuwa na uzito wa beseni moja la maji kutoka kule gereji.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Endelea kufua."

Lakini hakuendelea. "Kuna kitu kimoja nataka kukuuliza. Sijamwuliza mtu, hata mke wangu." Alilishika shuka lililokuwa majini. "Mama alijua? Alijua kuwa ni mimi niliyefunga? Kila nikilala najiambia hakujua. Kwamba pengine ulimwambia kitu kingine. Hiyo ndiyo inayonipa usingizi, dada, sikufichi. Niambie tu. Alijua?"

Mshonaji alimtazama mtoto wa mama yake.

Mama hakujua. Mshonaji alimwambia kwamba maji yamekatika mtaa mzima, na mama aliamini, kwa sababu hakuna mama anayewaza la namna ile. Tena alimsikitikia Dobi. Alilala pale na vidonda vyake, ulimi mzito, akisema maskini mwanangu, na kazi yake yote ni maji, atafanyaje? Siku za mwisho kabisa alimwagiza Mshonaji achukue ndoo ile moja iliyobaki, ile ya kumwogeshea, ampelekee kaka yake. Mshonaji alitoka nayo hadi nje, akasimama kidogo, akarudi nayo na kusema amempelekea. Mama akamshukuru. Akafa akijua kwamba mwanawe alikunywa.

Hayo yote yalimjia Mshonaji mdomoni. Ilikuwa dawa, na ilikuwa ya bure, na aliyeikosa alikuwa amekaa mbele yake na mikono iliyochubuka. Angeisema tu, kaka yake angelala usingizi mpaka kufa kwake.

"Alijua," alisema. "Alisikia ulipokuwa unabana kufuli. Akaniuliza, yule ni nani? Nikamwambia ni wewe."

Dobi hakulia. Shuka alilolishika likazama lote ndani ya beseni.

Mshonaji aliuweka mguu wake kwenye cherehani. "Lisuuze tena hilo," alimwambia. "Bado lina povu."